MKURUGENZI WA MANISPAA HUPATIKANA VIPI?
Maelezo kwa mfano wa Mji wa Bukoba na Kata ya Kitendaguro

Watumishi wa umma na wakaazi wa Visiwani wenye jamaa au shughuli Tanzania Bara hukutana mara kwa mara na cheo cha Mkurugenzi wa Manispaa. Cheo hicho huandikwa chini ya tangazo la zabuni, chini ya kibali cha ujenzi, na chini ya barua ya kumtaka mfanyabiashara aondoe banda lake sokoni. Hata hivyo, si wengi wanaofahamu mwenye cheo hicho hupatikana vipi, nani humteua, nani aweza kumwondoa, na mkaazi wa kawaida ana sauti gani katika jambo hilo. Maelezo yanayofuata yanautazama utaratibu huo kwa kuchukua mfano wa mji mmoja mdogo ulio kando ya Ziwa Viktoria, nao ni Bukoba, makao makuu ya Mkoa wa Kagera.

Bukoba ulianza kuwa mji wa serikali mwaka 1890, pale Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani ufukweni mwa ziwa. Mto Kanoni unapita katikati ya mji na kumwaga maji yake ziwani. Manispaa ina kata 14, na Kitendaguro ni mojawapo. Katika sensa ya mwaka 2012 Manispaa nzima ilihesabiwa watu 128,796. Kwa kipimo cha Dar es Salaam huo ni mji mdogo. Lakini una soko, stendi, zahanati, skuli, viwanja vinavyogombaniwa na kodi zinazodaiwa, kama miji mikubwa ilivyo navyo. Kwa hiyo unahitaji mtu wa kuyasimamia hayo yote kila siku.

Kwanza ieleweke tofauti baina ya Meya na Mkurugenzi, kwani watu wengi huwachanganya. Kila kata humchagua Diwani wake kwa kura. Madiwani wa kata, pamoja na wa viti maalumu na Mbunge, ndio wanaofanya Baraza la Madiwani, na Baraza hilo humchagua Meya kutoka miongoni mwa madiwani. Mstahiki Meya huongoza vikao. Haajiri mtumishi, hatii saini hundi, wala hasimamii mafundi. Kazi hizo ni za Mkurugenzi, ambaye kwa sheria ndiye mtendaji mkuu wa Halmashauri na katibu wa Baraza. Yeye ndiye afisa masuhuli, maana yake ndiye anayebeba dhamana ya kila shilingi inayoingia na kutoka. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akikuta kasoro, hamwiti Meya. Humtaka maelezo Mkurugenzi, na ikibidi Mkurugenzi huyo husimama mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa kujibu.

Ichukuliwe mfano wa mkaazi wa Kitendaguro anayetaka kujenga nyumba juu ya kiwanja alichorithi. Huanza kwa Mwenyekiti wa Mtaa, ambaye amechaguliwa na wakaazi wenzake. (Hapa msomaji wa Visiwani aangalie: Mwenyekiti wa Mtaa si sawa na Sheha, kwani Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa.) Kisha huenda kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa na wa Kata, ambao ni waajiriwa wa Halmashauri. Baada ya hapo maombi hupanda ofisi za ardhi na mipango miji za Manispaa, na hatimaye hutoka kibali kwa mamlaka ya Mkurugenzi. Kikundi cha akina mama wa kata hiyo kinachoomba mkopo usio na riba hufuata njia inayofanana na hiyo. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo hiyo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa na Serikali mwezi Aprili 2023 baada ya kasoro zilizoonekana katika ukaguzi, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fedha hizo zitengwe au zisitengwe, zifike kwa walengwa au zipotelee njiani, hilo hutegemea sana ni mtu wa namna gani anayekalia kiti cha Mkurugenzi.

Si kila kero, lakini, ni ya Mkurugenzi. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya Wakala wa TARURA, na maji yana mamlaka yake. Mkaazi anayekwenda kumlalamikia Mkurugenzi juu ya shimo la barabarani hurudi na jibu la kuelekezwa ofisi nyengine, na huona kama anazungushwa. Aghlabu hazungushwi, mgawanyo wa kazi ndio uliobadilika bila ya yeye kuelezwa.

Sasa swali lenyewe: mtu huyu hupatikana vipi? Jibu fupi ni kwamba huteuliwa na Rais. Nafasi haitangazwi gazetini, Baraza la Madiwani halifanyi usaili, na mkaazi wa Kitendaguro husikia jina kwa mara ya kwanza pale taarifa ya Ikulu inaposomwa redioni. Nyuma ya taarifa hiyo kuna kazi iliyofanyika: majina hukusanywa, mwenendo na rekodi za utumishi huchunguzwa, na ofisi inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI, huwa na sehemu yake. Lakini yote hayo hufanyika faraghani. Mteuliwa hula kiapo au hutia saini ahadi ya uadilifu, na kwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 analazimika kutoa tamko la mali na madeni yake. Hana muda maalumu wa kushika nafasi. Hukaa hapo kwa kadiri mamlaka ya uteuzi inavyoridhika naye, na aweza kuhamishiwa mji mwengine au uteuzi wake ukatenguliwa wakati wowote.

Uteuzi wenyewe mara nyingi huja kwa mkupuo. Tarehe 7 Julai 2016 Rais John Magufuli aliteua wakurugenzi 185 wa majiji, manispaa, miji na wilaya kwa siku moja. Kati yao 120 walikuwa wapya na 65 ndio waliobakishwa. Mwezi Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan naye alitangaza wakurugenzi wa halmashauri 184. Kwa hesabu hizo, siku moja ya tangazo hubadilisha uongozi wa utendaji wa nchi nzima, na mji kama Bukoba hupokea mgeni ambaye pengine hajawahi kuuvuka Mto Kagera wala hajui kwamba katika mkoa huo mgomba ni chakula, ni mipaka ya kiwanja, na ni sababu ya kesi.

Utaratibu huu una historia yake. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango uliojulikana kwa jina la Madaraka Mikoani, ambao kwa jina ulipeleka madaraka mikoani lakini kwa vitendo ulivunja halmashauri za wilaya, na baadaye kidogo za miji, na kuweka mahali pake maafisa wa Serikali Kuu. Huduma za miji zilizorota kwa kiasi ambacho mabaraza ya miji yalirejeshwa mwaka 1978. Zikafuata sheria za mwaka 1982, ikiwamo Sheria Namba 8 ya Serikali za Mitaa kwa Mamlaka za Miji, ambayo ndiyo inayoiongoza Bukoba, na mfumo mpya ukaanza kazi mwaka 1984. Katiba nayo, katika ibara za 145 na 146, ikatamka kwamba Serikali za Mitaa zipo kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi.

Mwezi Oktoba 1998 ilitoka sera ya maboresho ya Serikali za Mitaa. Sera hiyo ilisema jambo ambalo wengi wamelisahau. Ilikusudia kila halmashauri iwe mwajiri kamili: Baraza limwajiri Mkurugenzi na wakuu wa idara, na Mkurugenzi awaajiri watumishi waliobaki. Maneno hayo yangetekelezwa, nafasi ya Mkurugenzi wa Bukoba ingetangazwa, waombaji wangefika mbele ya madiwani, na Diwani wa Kitendaguro angeliuliza swali lake kwa mdomo wake mwenyewe. Haikuwa hivyo. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 iliwaweka watumishi wa Serikali za Mitaa ndani ya utumishi mmoja wa umma wa nchi nzima, na uteuzi wa wakurugenzi ukabaki Serikali Kuu. Sera ilisema njia moja na sheria ikafuata nyengine. Na penye tofauti hiyo, sheria ndiyo inayofuatwa.

Zipo nchi zilizofuata njia ile ya sera ya 1998, na ni vyema kuitazama moja ili kupima. Huko Marekani, katika majimbo ya kati-magharibi, umo mji wa Dayton, Ohio, uliojengwa kando ya mto Great Miami. Mwezi Machi 1913 mto huo ulifurika na kuangamiza watu na mali kwa wingi. Wakaazi waliona kwamba serikali ya mji ya wanasiasa haikuwa na uwezo wa kuukarabati mji, wakabadili katiba ya mji wao, na kuanzia mwaka 1914 wakawa na meneja aliyeajiriwa na Baraza kwa ujuzi wake. Kwanza walimtaka Goethals, mhandisi wa mfereji wa Panama, naye hakukubali. Wakampata Henry Waite, mhandisi kutoka Cincinnati. Mfumo huo umeenea tangu hapo katika miji mingi midogo ya nchi ile. Mji wa watu elfu chache hutangaza nafasi, hueleza hali ya fedha zake na matatizo yake bila ya kuficha, hutaja mshahara, huwaita waombaji watatu au wanne kwa usaili, na mara nyengine huwakaribisha wakaazi ukumbini kuwaona. Mkataba huandikwa, na ndani yake huonyeshwa atakacholipwa meneja akiachishwa.

Mtu asidhani kwamba njia hiyo haina walakini. Baraza linaloajiri ndilo linaloachisha, na linaweza kufanya hivyo kwa kura za jioni moja, baada ya uchaguzi kubadilisha wajumbe wawili. Mji mdogo usio na mshahara mzuri hukosa waombaji, au humpata anayepita tu akielekea mji mkubwa zaidi. Katika nchi yenye halmashauri 184, nyingi zikiwa mbali na reli na bandari, ni halali kuuliza ni nani angeomba kwa hiari yake kwenda kwenye halmashauri iliyo pembezoni kabisa. Uteuzi wa Serikali Kuu hulimaliza swali hilo kwa kalamu moja. Pia humkinga mtendaji asiwe mateka wa kundi moja la madiwani.

Bukoba yenyewe imewahi kuonja ubaya wa pande zote mbili. Kati ya mwaka 2012 na 2014 Baraza la Madiwani lilipasuka vipande viwili kwa sababu ya miradi ya Manispaa, khasa mpango wa kulijenga upya soko kuu na mradi wa kupima viwanja. Vikao havikukaa, madiwani walisusiana, na jambo likafika hadi ngazi za juu za chama kilichotawala. Hatimaye Mkaguzi Mkuu alifanya ukaguzi maalumu, na taarifa yake iliposomwa mjini Bukoba mwezi Januari 2014, Meya wa wakati huo alijiuzulu. Katika hali kama ile, Mkurugenzi aliyeajiriwa na Baraza angekuwa mtumishi wa nusu moja ya Baraza na adui wa nusu ya pili. Upande huo mfumo wa uteuzi unajitetea vizuri.

Upande wa pili ulionekana mwaka 2016. Tarehe 10 Septemba tetemeko la ardhi liliupiga Mkoa wa Kagera. Watu 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, nyumba nyingi zilianguka, na skuli za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Mkurugenzi wa Manispaa alikuwa ni mmoja wa wale walioteuliwa Julai ya mwaka huo huo, hajafikisha miezi mitatu kazini. Kabla ya Septemba kumalizika, Rais alitengua uteuzi wake pamoja na wa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa tuhuma zilizohusu kufunguliwa kwa akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile ya kuchangia maafa. Makala haya hayaingii katika ukweli wa tuhuma zile. Linaloangaliwa hapa ni utaratibu: mji uliokuwa ukilala nje, ukisubiri turubali na saruji, ulijikuta hauna mtendaji wake mkuu, na Baraza lililochaguliwa na wakaazi halikuwa na sauti katika kumleta wala katika kumwondoa. Kwa upande mwengine, hatua ilichukuliwa kwa siku chache tu. Baraza lingelazimika kuitisha kikao, kufikisha akidi na kupiga kura, na yumkini lingelichukua miezi.

Nafasi inapokuwa wazi, mkuu mmoja wa idara hukaimu. Jambo hili huonekana dogo lakini lina uzito. Kaimu Mkurugenzi hulipa mishahara na kujibu barua, lakini huogopa kutia saini mkataba mkubwa, kwani hajui kesho ofisi itakuwa ya nani. Watumishi walio chini yake, ambao jana walikuwa wenzake, nao hawamtii kwa ukamilifu. Mkaazi wa kata ya pembeni huliona hilo kwa namna moja tu: faili lake halitembei.

Kuna jambo jengine lililofanya uteuzi huu uzungumzwe hata mahakamani. Kwa Sheria ya Taifa ya Uchaguzi iliyokuwapo, Mkurugenzi wa halmashauri alikuwa moja kwa moja ndiye msimamizi wa uchaguzi katika eneo lake. Walijitokeza wananchi waliodai kwamba mtu aliyeteuliwa na Rais, ambaye naye ni mgombea au mwenyekiti wa chama, hawezi kuhesabu kura kwa haki, na kwamba baadhi ya walioteuliwa walikuwa wanachama wa chama hicho. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana nao na kukibatilisha kifungu hicho. Mwezi Oktoba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Shauri likapelekwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, nayo mwezi Juni 2023 ikaona kifungu hicho kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Sheria mpya ya Uchaguzi, Namba 1 ya mwaka 2024, imeacha kumtaja Mkurugenzi kwa cheo chake, na kuipa Tume uwezo wa kuteua wasimamizi kutoka miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi. Neno hilo halimzuii Mkurugenzi kuteuliwa. Linaondoa tu ulazima.

Watumishi wa hapa Visiwani wasione kwamba maelezo haya ni ya nchi ya mbali. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014, wakurugenzi wa mabaraza ya manispaa, miji na halmashauri za wilaya Zanzibar nao huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya zile Namba 3 na Namba 4 za mwaka 1995. Kwa hiyo mkaazi wa Wete au Mkoani na mkaazi wa Kitendaguro wanalingana katika hili: wote wawili humchagua Diwani, na wote wawili hupokea Mkurugenzi.

Hapana budi kueleza Baraza linaweza kufanya nini basi, kwani wako madiwani wanaosema hawana uwezo wowote, na kauli hiyo si sahihi. Mkurugenzi hawezi kutumia fedha bila ya bajeti iliyopitishwa na Baraza. Kamati ya Fedha humtaka taarifa kila mwezi, na Baraza zima kila robo ya mwaka. Baraza laweza kukataa taarifa yake, kumtaka alete vielelezo, kuunda kamati ya kuchunguza, na kuandika rasmi kwa mamlaka ya uteuzi kwamba halina imani naye. Haliwezi kumfukuza. Lakini Mkurugenzi ambaye mihtasari ya vikao imejaa hoja zisizojibiwa hupata taabu pale wakaguzi wanapofika, kwani mihtasari hiyo husomwa. Diwani anayekaa kimya kikaoni na kulalamika barazani mwa kahawa ameiacha silaha yake nyumbani.

Kwa upande wa wakaazi, sheria inataka mikutano ya Baraza iwe wazi kwa umma na kwa waandishi wa habari, na mtu yeyote aweza kuingia na kusikiliza, ingawa haruhusiwi kusema. Taarifa za mapato na matumizi hutakiwa kubandikwa katika mbao za matangazo, makao makuu ya Manispaa na katika ofisi za kata na mitaa. Katika Kitendaguro ubao huo huwa katika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata. Mkaazi akikuta haujabandikwa kitu, au umebandikwa karatasi ya mwaka juzi, ana haki ya kumuuliza Mtendaji sababu. Asipopata jibu, humpelekea Diwani wake kwa maandishi na kubaki na nakala, ili swali hilo liingizwe katika kikao cha robo inayofuata na Mkurugenzi, awe ni yeyote aliyeletwa, alijibu mbele ya Baraza.